Mali ya Kuchomwa

Siku ya kuteketeza, Afande alitaka nimsuke twende kilioni. Siku nyingine alikuja tu saluni kwangu hapa Mbagala, akajitupa kwenye kiti na kusema, "Zuhura, nisuke utakavyo, mradi kofia ikae." Lakini amri ya mahakama ikishatoka, na mali iliyokamatwa ikishapangiwa siku ya kwenda motoni, alikuja na agizo moja: mistari minyoofu kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ibanwe mpaka macho yavutike.

"Nani kafa, Afande?" nilimuuliza mara ya kwanza, maana mtindo ule ni wa mtu anayewahi msibani.

"Bado hajafa," alinijibu huku akijitazama kwenye kioo. "Kesho."

Alikuwa askari polisi, mtunza vielelezo wa kituo kimoja cha upande wetu wa Temeke. Kielelezo ni kitu chochote kilichokamatwa kikawa kinasubiri kesi: panga la mwizi, pikipiki isiyo na kadi, televisheni iliyotolewa dirishani. Vyote vilikaa nyuma ya mlango wa chuma wenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikuwa wake, wa pili ulikuwa wa bosi wake, Inspekta. Mapanga na pikipiki alivitunza kama mtunza stoo mwingine yeyote. Bangi na unga, yaani heroini, alivilinda kama askari jela anavyomlinda mtu aliyehukumiwa kunyongwa, asije akajifia kabla ya siku yake.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya saluni yangu. Jioni ya siku ya kuteketeza alirudi uso ukiwa umeiva kwa joto, akavua viatu barazani, akaagiza soda ya tangawizi ya baridi sana. Alikunywa taratibu. Kisha alisema, kama mama wa nyumba anayeripoti habari za wageni, "Leo wamekula moto wakashiba." Majirani wengine walimwona mchawi. Mie nilipenda kukaa naye saa hizo, kwa sababu ndizo pekee nilizowahi kumsikia akicheka mwenyewe.

Alikuwa na elimu yake ya moto. Aliniambia kwamba alipoanza kazi, mali ya namna ile ilichomwa shimoni nyuma ya kituo kwa mafuta ya taa. Siku moja walichoma gunia la bangi, upepo ukageuka. Vijana wa mtaa walijipanga upande unakokwenda moshi, pua juu, kama watu wanaosubiri harufu ya pilau. Mkuu wa kituo wa wakati huo, mtu wa swala tano, alikwenda kuwafukuza, akakaa nao kidogo kuwahoji, akarudi akicheka hadi machozi yanamtoka, hajui anachekea nini. Afande aliwamwagia wote maji kwa ndoo, mkuu akiwemo.

"Ukichoma ovyo, umewavutisha mtaa mzima bure," alisema. "Ukizika, watafukua. Ukimwaga vidonge chooni, na nyie huku Mbagala mnavyotapisha vyoo mvua ikinyesha, mtavinywa kwenye maji ya kisima. Pahali pake ni tanuri la saruji. Moto wa pale hauchomi, unafuta. Hata moshi hautoki na akili yake."

Kwa hiyo mali ilikwenda kiwandani kwa msafara, ikiwa kwenye bahasha na mifuko iliyopigwa lakiri. Hakimu alikuwepo, mkemia wa serikali alikuwepo, watu wa mazingira walikuwepo, waandishi wa habari walikuwepo na kamera zao. Afande alisimama karibu na mdomo wa tanuri kuliko wote. Wenzake walimwambia asogee nyuma, akakataa. Alitaka, aliniambia, kuuona ule unga ukijua kwamba umeshindwa.

Sasa mnaanza kumjua. Alikuwa mtu wa visasi, na hakuona haya. Jirani yake wa kushoto aliwahi kumwagia maji machafu ukutani kwake, akaombwa aache, akaendelea. Afande hakumsalimia tena. Yule mzee alipofariki, Afande alikwenda msibani wa kwanza, akapika, akaosha masufuria, akawabembeleza wajukuu. Makaburini, watu walipopita mmoja mmoja kutupia udongo, yeye alisimama pembeni, mikono nyuma. Nilimgusa bega nikamwambia apite. Akaninong'oneza, "Mie nimekuja kwa mkewe."

Alikuwa Mkatoliki, na jumuiya yao wakati mwingine ilisali barazani kwake. Mie Mwislamu, lakini niliwasikia kila mara kwa sababu ukuta ni mmoja, nikajua mpaka mapumziko ya sala zao. Walipofika pale wanapomwambia Mungu kwamba wanawasamehe waliowakosea, sauti ya Afande ilikatika. Wengine waliendelea, yeye alinyamaza, kisha akaingia tena mstari unaofuata. Katekista aligundua, akamuuliza mbele za watu.

"Mungu si ananiona?" Afande alijibu. "Nikisema hivyo nitakuwa nimeongeza uongo juu ya dhambi. Bora nimpe dhambi moja safi."

Na bado mtu huyo huyo aliwapenda mateja, wale waliozama kwenye unga. Neno kupenda lingemkera, lakini sina lingine. Kule stendi, Rangi Tatu, alimkamata kijana aliyesinzia akiwa amesimama, kama wanavyofanya wakishavuta, akampiga kofi la kumrudisha duniani. "Mama yako anajua uko hapa?" Kisha alimpeleka kwa mama ntilie, akamwagizia chapati na maharage, akakaa mbele yake hadi amalize. Hakumhubiria. Wengine aliwapeleka mwenyewe kliniki, pale wanapopewa ile dawa ya kunywa kila asubuhi mbele ya nesi ili waachane na unga. Aliwachukia wauzaji kwa moyo ule ule aliowapendea wanunuzi, na kwake hizo hazikuwa hisia mbili.

Sababu yake iliitwa Bosco. Mwanawe wa pekee, mrefu, fundi wa mafriji, mtoto mwenye mikono ya baraka ambaye unga ulimpitia kama unavyowapitia wengi. Kwa miaka mama alikamata unga mtaani na kuukuta tena chumbani kwake. Hatimaye Bosco alikubali kliniki. Hakwenda peke yake: alikwenda na mdogo wangu, Sudi.

Sudi alikuwa mpakizi wa mizigo Ubungo, mfupi, mcheshi, mwizi wa mafuta yangu ya nazi. Naye aliangukia huko huko, naye alikuwa anapanda. Asubuhi walipita mbele ya saluni wawili, mmoja kama nguzo, mwingine kama ndoo. "Shikamoo dada!" Sudi alipaza sauti. "Leo nesi wetu kasuka kwa nani? Si kwako, maana kapendeza!" Walianza kunenepa. Afande na mie tulikaa mlangoni tukiwatazama wakipotea kwenye kona, hatusemi kitu, tukiogopa kusema.

Bosco alikutwa amekufa kwenye pagale, nyumba isiyoezekwa, mitaa miwili kutoka kwetu. Nilifika pamoja na mama yake. Alikuwa bado na sare. Alipiga magoti, akafumbua ngumi ya mwanawe kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto ameficha pipi. Ndani mlikuwa na kijinailoni cha kete, ile pakiti ndogo ya kuuzia. Nilimwona akikisoma. Sikuelewa mtu anasoma nini kwenye nailoni. Alikitia mfuko wa kifua, akafunga kifungo. Hakulia. Nilidhani ni mshtuko.

Alichokuwa anakisoma ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Hilo nililijua baadaye sana, lakini niliseme sasa ili mfuate. Kila kete iliyoingia stoo yake aliiandikia herufi mbili za jina lake kwa kalamu ya wino wa kijani usiofutika. Kete ile ilikamatwa, ikasainiwa, ikapigwa lakiri, ikaamriwa na mahakama ichomwe, na kwa macho yake mwenyewe aliiona bahasha yake ikiingia tanurini. Ikawaje imefika mkononi mwa Bosco? Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kabla ya siku ile ya kuteketeza aliugua malaria, akalala nyumbani, na ufunguo wake alimkabidhi Inspekta. Lakiri nayo alikuwa nayo Inspekta. Mama wa watu alikuwa amesimama mbele ya tanuri, kichwa kimesukwa, anashangilia unga wa muhogo ukiungua.

Inspekta alikuja msibani. Alikaa viti vya mbele, akasema kwa niaba ya ofisi, maneno mazuri, kisha akamshika Afande mkono kwa mikono yake yote miwili. "Tuko pamoja, Afande. Mtoto wako ni mtoto wetu."

"Asante sana, mkuu," alisema Afande. "Nitakukumbuka."

Nilikuwa nimesimama hapo na birika. Nilimmiminia yule mtu chai.

Baada ya msiba Afande alibadilika, akawa mpole. Hilo lilinitisha kuliko kilio. Asubuhi alikaanga maandazi, akafunga kwenye kitambaa, ampelekee Inspekta yakiwa ya moto. Alimsifia kwangu: bosi anamjali, bosi ana roho. Nilifurahi, nikajua Mungu kamshika mkono. Miezi ikapita hivyo. Unga mwingine ukakamatwa, kete nyingi kuliko zile za mwanzo, zikaingia stoo. Na mara akaja kuniaga.

"Nakwenda kusini nipumzike, Zuhura. Nimeomba likizo. Funguo nimemwachia mkuu."

Nilimpa khanga mpya kama zawadi ya kuipeleka nyumbani. Nilimbebea begi mpaka kwenye basi. Nilimpungia mkono hadi basi lilipopinda.

Sudi alikufa Afande akiwa huko. Tangu Bosco azikwe alikuwa akienda kliniki peke yake, na njia ya kwenda peke yake ni ndefu. Lakini alikuwa anakwenda. Juma moja akakosa, rafiki zake wa kupakia mizigo wakampigia simu, hapokei. Walimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, nyuma ya maduka ya Ubungo, miguu imenyooshwa kama mtu anayepumzika baada ya kushusha lori. Walidhani amelala. Alikuwa na kofia yake. Mama yetu alikwishafariki, kwa hiyo mwili walinikabidhi mie.

Afande alikatisha likizo akarudi. Kwa mwanawe hakulia. Kwa Sudi alilia hadi watu wakamshika. Alilala na mie kwenye mkeka matanga yote. Alinichotea maji ya kuoga. Alinilisha kwa mkono wake nilipokataa chakula. Nikasema moyoni, huyu si jirani tena, huyu ni mama yangu. Siku ya kufua nguo za marehemu, ndani ya kijimfuko kidogo cha suruali ya Sudi nilikuta kinailoni chenye alama mbili za kijani. Nilidhani ni lebo ya duka. Nikakitupa kwenye takataka, Afande akiwa amesimama nyuma yangu na beseni.

Kisha akaja tena saluni, na agizo lake lile. Nilimbana nywele nikamuuliza safari hii ni nani.

"Kesho tunazika mtu aliye hai," alisema.

Yaliyotokea kiwandani yalionekana kwenye simu za watu wote wa Mbagala kabla hata hajarudi nyumbani. Inspekta alikuwa mbele ya kamera, sare imenyooka, anaeleza jinsi kituo chake kinavyopambana. Bahasha zikabebwa kupelekwa tanurini. Afande akatoka kwenye mstari, akapiga saluti mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, naomba mali hii ifunguliwe ipimwe kabla ya kuingia motoni."

"Ilipimwa ilipokamatwa," Inspekta aliingilia. "Ripoti ipo. Mheshimiwa, tusipoteze muda, tanuri linasubiri."

"Tanuri halichoki," alisema Afande. "Naomba ipimwe, mheshimiwa. Mie ndiye mtunzaji wake. Kama mali yenyewe imo humo, nifukuzwe kazi leo leo."

Hakimu alikuwa mwanamama mmoja mwenye miwani. Alimtazama Afande, akamtazama Inspekta aliyekuwa ameanza kujifuta shingo, akasema, "Fungueni."

Mkemia alichana bahasha, akapasua kete moja kwenye kisahani, akadondoshea dawa ya kupimia. Ilitakiwa ibadilike rangi. Haikubadilika. Akapasua nyingine, na nyingine. Mwishowe alisugua kidogo kati ya vidole, akanusa, akasema kwa aibu kama vile kosa ni lake, "Mheshimiwa, huu ni muhogo."

Inspekta alipiga kelele kwamba ni njama, kwamba mtunza stoo ni yule mwanamke, wamkamate yeye. Hapo Afande alifungua kifungo cha mfuko wa kifua, akatoa kile kijinailoni cha Bosco, akakiweka kwenye kiganja cha hakimu. "Kete zote za stoo yangu zina herufi hizi. Hizi zilizoko hapa hazina hata moja. Nendeni nyumbani kwake mkazitafute zangu."

Walikwenda. Wakazikuta chache zilizobaki jikoni, chini ya mtungi wa gesi, kila moja na herufi zake. Jioni ile mtaa ulijaa barazani kwa Afande. Vigelegele vya kwanza nilipiga mie. Nilipiga hadi koo likauma.

Kesi iliposikilizwa nilifunga saluni niende nikamwone Inspekta akiaibika. Nilikaa benchi la mbele, nilitaka anione, dada wa mmojawapo wa mateja. Afande alipanda kizimbani kutoa ushahidi, amenyooka kama fito. Wakili wa Inspekta alikuwa kijana mpole wa sauti. Alimuuliza alijua lini kwamba mali inaibiwa.

"Siku niliyofumbua mkono wa mwanangu."

"Na kwa nini hukutoa taarifa siku hiyo?"

"Ningetoa, angesema mwizi ni mie. Funguo mbili, mmoja wangu, saini zangu. Angetoka, mie ningeingia. Nilitaka akamatwe na mali mkononi."

"Kwa hiyo ulifanya nini?"

"Nilisubiri iingie mali nyingine. Nikaisaini yote, kete kwa kete, ili nizitambue popote zitakapotokea. Nikaomba likizo, nikamwachia funguo."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Ukijua ataziuza?"

"Nikijua."

Wakili alisogelea vielelezo. Kisha alichukua mezani moja ya zile kete, akaiinua watu waione. Nailoni ndogo, herufi mbili za kijani. Nilikuwa nimeishika nailoni kama ile kwa vidole vyangu, imelowa maji ya sabuni.

"Na zile alizokwisha kuziuza, Afande, kabla hujamkamata. Zilikwenda wapi?"

"Mtaani."

"Zikafanya nini huko?"

Afande hakutazama upande wangu. "Huko sikuzifuata," alisema.

Inspekta alihukumiwa kifungo kirefu, akaondolewa kwa pingu. Watu walishangilia. Mie nilikuwa nimeshatoka nje, nimeegemea ukuta. Afande alinifuata amefungua mikono, sura inang'aa ushindi, waandishi nyuma yake.

Nilimwambia, "Sudi alikuwa nayo mfukoni."

Mikono ikashuka. Aliwageukia waandishi akawaambia wasogee. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua. Niliiona ulipokuwa unafua."

Ndipo nilipoelewa kile kilio chake cha msibani. Ndipo nilipoelewa nani alikuwa ananichotea maji ya kuoga.

Kuanzia siku hiyo, kile alichonifundisha yeye kwa miaka yote pale kwenye kiti changu, nilikitumia kwake. Sikumsalimia. Alipokuja saluni niliwaambia wateja waliokuwepo, "Hapa pamefungwa," na mlango ulikuwa wazi. Alikwenda kusukwa kwingine. Nikamwona amepita na mistari imepinda, nikafurahi kutwa nzima. Niliota anaungua. Nilimwombea maradhi, kisha nikaomba msamaha kwa Mungu, kisha nikarudia. Magazeti yalimwita shujaa, na nilipoyaona yamefungiwa vitumbua nilinunua vitumbua ili niitie mafuta picha yake.

Watu walinijia kunituliza. "Zuhura, aliyemuua mdogo wako ni Inspekta." Najua. Inspekta namchukia, na nikisikia amekufa gerezani nitapika pilau. Lakini Inspekta hakuwahi kulala kwenye mkeka wangu. Wengine waliniambia kwamba bila yeye kusubiri, yule mtu angeendelea kuuza miaka mingine, na wangekufa watoto wengi zaidi. Hilo nalo ni kweli. Nasikia siku hizi hakuna bahasha inayoingia tanurini bila kupasuliwa na kupimwa hapo hapo mbele ya hakimu, na wamelipata hilo kwa sababu yake. Kweli zote hizi nimezipanga kichwani usiku na mchana, na hakuna hata moja inayomfanya Sudi apite asubuhi akipiga kelele.

Alistaafu. Akauza nyumba, akahamia Kawe kwa binti wa dada yake. Sikumuaga. Nikadhani yameisha.

Mwaka huu yule binti akanipigia simu. Afande alipatwa na kiharusi, upande mmoja umekufa. Kichwa ki kizima, binti alisema, ila hataki kula. "Anakaza meno, dada Zuhura. Tumebembeleza, padri kaja, daktari kasema asipokula atakwenda. Hajataja mtu yeyote ila wewe. Tafadhali."

Nilikwenda. Sitasema ni huruma. Nilitaka kumwona.

Alikuwa amekaa dirishani mchana kweupe, mto umemwegemeza, amekuwa mdogo hata nikamtafuta ndani ya khanga. Ilikuwa khanga ile niliyompa aondoke nayo kusini. Shikamoo iliyonijia mdomoni niliirudisha. Yule binti alinikabidhi bakuli la supu ya kuku na kijiko, akatuachia chumba.

"Umekuja," alisema. Maneno yalitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo.

"Nimekuja."

"Sitakuomba msamaha, Zuhura. Nikikuomba, watu watakulazimisha unipe." Alipumzika, akavuta pumzi. "Mie nilikuwa na Inspekta. Wewe una mie. Usikubali wakunyang'anye."

Nilikuwa nimebeba maneno miaka, mengine makali sana, nimeyanoa kila siku. Yote yakapotea. Likabaki swali moja.

"Ungejua mapema kwamba ni Sudi atakayeikuta," nilimuuliza, "ungesubiri?"

Alitazama nje, na niliona analifikiria swali kweli kweli, kama mtu anayetaka kumpa mwenzake kitu kisicho na ila. Nilitamani aseme hapana. Hata kama ni uongo. Ningeupokea ule uongo, ningeenda nao nyumbani.

"Ningesubiri," alisema. Chozi likatoka kwenye jicho moja, lile ambalo halikufa. "Ningelia zaidi. Lakini ningesubiri."

Kisha akakaza meno, akageuzia uso ukutani, na nikaelewa anachokitaka. Alitaka kuondoka. Alikuwa amenisubiri mie tu aniambie lile neno, aondoke akiwa mwepesi.

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Nilichota supu, nikaipuliza, nikamgeuza kidevu kwa mkono wa kushoto.

"Fungua," nilimwambia.

Alitikisa kichwa.

"Fungua, Afande. Mie sijakuruhusu kufa."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani aliniona vizuri, maana alifungua. Nikamlisha kijiko kimoja, nikamfuta, nikamlisha kingine. Binti akachungulia mlangoni, akaanza kulia kwa furaha, akasema Mungu akubariki dada, una moyo wa peke yako. Nilimlisha hadi bakuli likaisha, na kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Sasa anakula vizuri. Daktari anasema akiendelea hivi anaweza kuishi miaka mingi, akiwa na akili zake zote.